Masikio ya Propela

Gereji niliyofanyia kazi Makambako ilikuwa na daftari la kopi tatu, lile la karatasi za kaboni. Kila lori lililoingia lilipewa ukurasa wake. Juu namba ya gari na kilomita, chini mistari mitatu: Tatizo, Kilichofanyika, Chanzo. Kopi nyeupe ilikwenda kwa mwenye gari, ya njano kwa dereva, ya bluu ilibaki kwetu ikiliwa na mafuta na vumbi.

Mistari miwili ya kwanza haikumsumbua mtu. Giaboksi inalia, beringi imebadilishwa. Mstari wa tatu ndio uliokuwa na pesa. Mwenye gari yuko Dar es Salaam, gari lake limeharibika kilomita mia kadhaa kutoka alipo, halioni. Anachokiona ni ile karatasi nyeupe, imepigwa picha na kutumwa kwa simu. Ukiandika kwamba kifaa kimechakaa kwa umri, analipa yeye huku akilaani. Ukiandika "uzembe wa dereva", analipa dereva, kwa kukatwa safari hadi safari. Sheria hii haikuandikwa popote nilipopaona, lakini madereva wote wa barabara ile ya Tunduma waliijua, na ndiyo maana walisimama nyuma yako wakati unaandika, wanajifanya wanatafuta mtandao.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka VETA, mwandiko wangu mzuri. Kwa hiyo daftari likawa langu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni mzee tuliyemwita Babu, ambaye alianza ufundi enzi za malori ya Fiat na Leyland. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi, na sitamtengenezea maneno hapa. Alikuwa na desturi moja iliyonikera kwa miezi: gari likiingia, hagusi spana. Anamwita dereva, anamkalisha kwenye tairi bovu, anaanza kumuuliza maswali kama daktari wa zamani. Inalia lini? Ukiwa umesimama au unatembea? Ukikanyaga klachi, inaendelea au inakoma? Ukiachia mafuta kwenye mteremko, sauti inabadilika? Unaisikia kwenye usukani au kwenye kiti?

Mimi nilitaka kufungua. Nilidhani ugonjwa uko ndani ya chuma na jawabu litaonekana tukikipasua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba giaboksi la lori ukishalishusha umeshapoteza mashahidi wako. Sauti haipo tena. Mzigo haupo. Unabaki na vyuma vilivyolala mezani, vyote vimechoka kidogo, na kila kimoja kinaweza kusingiziwa.

Wakati gari bado liko kwenye magurudumu yake, lenyewe linakuambia. Washa injini, weka frii, mguu nje ya klachi. Ukisikia mvumo, kanyaga klachi. Mvumo ukikoma, kuna beringi ndani ya giaboksi, mara nyingi ya shafti ya kuingizia nguvu au ya kaunta shafti, maana ukikanyaga klachi vitu hivyo vinaacha kuzunguka. Kama kulikuwa kimya, na sauti ikaanza pale unapokanyaga, tazama rilisi beringi ya klachi, na usimtie mtu hofu ya giaboksi. Ingia barabarani. Kwenye giaboksi nyingi kuna gia ambayo nguvu inapita moja kwa moja, kaunta shafti haibebi mzigo. Kama kelele iko kwenye gia zote ila hiyo moja inanyamaza, umeshajua pa kutafuta kabla hujachafua mikono. Difu nayo ina tabia zake: kuna inayolia ukiwa umekanyaga mafuta, na kuna inayolia ukiachia, na kila moja inakuelekeza upande gani wa meno ya pinioni na kraunwili umeliwa.

Kisha oili. Babu alimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni jeupe la plastiki alilowakataza wote kulitumia kwa kazi nyingine. Uji wa kijivu, laini kama unga, kwenye sumaku ya nati ya kumwagia, huo ni uzee wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu ni shaba ya sinkronaiza. Vipande vyenye ncha, vya chuma kinachong'aa, ni jino au beringi. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Aliinusa pia. Nilimcheka kimoyomoyo mpaka siku niliponusa mwenyewe oili iliyoungua, na harufu ile haijanitoka puani hadi leo.

Siku hizi kuna malori unayochomeka kompyuta na linakusomea makosa yake. Sina ugomvi na kompyuta, ninayo na ninaitumia. Lakini kompyuta inasema ni sensa ipi imelalamika. Haisemi nani aliyeikera, na propela haina sensa.

Mwezi wa nne mwaka ule aliingia dereva mmoja tuliyemfahamu, mtu mzima, mwenye mvi, anayepeleka mizigo Zambia na kurudi na shaba. Krosi za propela ya nyuma zilikuwa zimeisha, linagonga akianza kuondoka. Kazi ya saa mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, na Makambako mvua ikikutana na upepo wake huwezi kupenda kazi ya chini ya gari. Nilifungua propela, nikagonga krosi za zamani zikatoka, nikaweka mpya, nikapiga grisi, nikarudisha. Nikaandika ukurasa: Krosi 2, propela ya nyuma. Chanzo: kuchakaa. Nikasaini.

Mwezi wa tano alipita tena akielekea Dar. Hakuja gereji kutengeneza, alisimama kunywa chai ng'ambo ya barabara, akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hili gari siku hizi linanichezesha. Nikifika sabini kiti kinanikuna mgongo. Nikiingia Mikumi linatulia kabisa, nikitoka tu Mikumi linaanza tena."

Nilikuwa na soda mkononi. Nilimwambia ni tairi, akafanye balansi akifika Dar.

Nimeirudia sentensi ile ya mzee mara nyingi kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Kila kitu kilikuwamo. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo ni hamsini, kwa ajili ya wanyama. Gari linatulia ndani ya hifadhi na kuanza kutetemeka nje yake, maana yake tatizo linafuata mwendo wa gari. Analihisi kwenye kiti, si kwenye usukani: tatizo liko nyuma, si kwenye tairi za mbele. Palikuwa na swali moja tu la kumuuliza, ambalo Babu asingeliacha: ukiwa kwenye sabini hiyohiyo, ukishusha gia moja injini ikapanda, mtetemo unabadilika? Kama haubadiliki, basi injini na klachi hazimo, tafuta baada ya giaboksi. Na baada ya giaboksi, kitu kilichoguswa karibuni kilikuwa kimoja, na kilikuwa na saini yangu.

Sikumuuliza. Nilimaliza soda.

Katikati ya mwezi wa sita, usiku, tulipigiwa simu. Gari limekatika juu kidogo ya Kitonga likipandisha kwenda Iringa, gia haziingii, kuna moshi. Lilivutwa likaletwa kwetu asubuhi ya siku ya pili yake. Giaboksi lilikuwa kavu. Sili ya nyuma, pale shafti inapotoka kuelekea kwenye propela, ilikuwa imechanika, na beringi iliyo nyuma yake imesagika, mipira yake imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Kutoka kwenye beringi ile uharibifu ulikuwa umesambaa ndani kote. Chembe zake zilikuwa zimetafunwa na kila jino.

Mwenye gari alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, imewekwa juu ya benchi.

"Fundi, niambie kitu kimoja. Oili ilikuwepo au haikuwepo?"

"Haikuwepo, bosi."

"Sasa mtu anaendeshaje gari halina oili?"

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Alisema, si kwa sauti kubwa, "Si nilisema linatetemeka?" Hakuniangalia. Labda alikuwa anamwambia bosi, maana nilikuja kujua kwamba naye alimwambia. Labda alikuwa ananiambia mimi.

Niliandika: Chanzo: gari kuendeshwa bila oili, uzembe wa dereva.

Kuna jambo ambalo fundi anayesoma hapa ameshaliona, na kwa asiye fundi inabidi nilieleze, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Injini ina kijiti cha kupimia oili. Dereva anakichomoa kila asubuhi. Giaboksi za malori kama lile hazina kijiti. Kuna nati ubavuni. Ili kujua kiwango cha oili ulale chini ya gari, uifungue kwa spana, uingize kidole. Hiyo ni kazi ya gereji, na hakuna dereva anayeifanya Ruaha Mbuyuni saa nne za usiku. Na oili inayovujia nyuma ya giaboksi gari likitembea hairudi kudondoka mahali pamoja ukaiona asubuhi. Inarushwa na propela, inasambaa chini ya tela, inashika vumbi. Nililijua hilo wakati ninaandika. Nilijua, na kalamu ilikwenda tu, kwa sababu mwenye gari alikuwa ameshaniwekea jibu mdomoni na lilikuwa jibu lisilomgharimu mtu yeyote ndani ya gereji.

Walimnyang'anya funguo hapohapo. Alishusha vitu vyake: godoro jembamba, jiko dogo la gesi, chupa ya chai, viatu vya ibada. Pesa ya safari mbili alizokuwa anadai, laki nane, bosi alisema itaingia kwenye matengenezo. Utingo wake alimsaidia kubeba hadi stendi, kisha akarudi, kwa sababu utingo alikuwa bado na kazi.

Giaboksi tulilifanya upya kwa siku sita. Lilikuwa moja ya kazi nzuri nilizowahi kufanya, na nasema hivyo nikijua jinsi inavyosikika.

Wiki tano baadaye gari lilirudi na dereva mpya, kijana. Lilikuwa linatetemeka sabini. Sili ya nyuma, mpya kabisa, ilikuwa imeanza kutoa jasho.

Safari hii Babu alikuwepo. Alimkalisha kijana kwenye tairi, akamuuliza yale maswali, na nilipokuwa nayasikia majibu tumbo langu lilianza kukaza kabla akili haijafika. Babu alichukua tochi na kipande cha chaki, akaingia chini. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia anakwaruza tope. Kisha akaniita nije nilale pembeni yake.

Propela ina krosi kila mwisho, na kila krosi imeshikwa na masikio mawili. Katikati propela yenyewe imekatwa vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, ili irefuke na kufupika gari likipita kwenye mashimo. Sasa, krosi moja ikiwa imepinda, haizunguki sawasawa. Huu si ubovu, ndivyo ilivyo. Robert Hooke alilichunguza jambo hili Uingereza katika karne ya 17, zaidi ya miaka mia moja baada ya Cardano wa Italia ambaye jina lake bado wanaiitia shafti hii. Upande mmoja ukizunguka kwa mwendo ule ule, upande wa pili unaharakisha na kupunguza, mara mbili kila mzunguko. Tiba yake ni krosi ya pili: inafanya kosa lile lile kinyume, na makosa mawili yanafutana. Lakini yanafutana kwa sharti kwamba masikio ya mwisho huu na ya mwisho ule yamelala kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana kiwandani wanagonga mishale miwili, mmoja kwenye kila kipande, ili ukiirudisha uilinganishe.

Babu alikuwa ameisafisha mishale yote miwili na kuipaka chaki. Ilikuwa imepishana meno mawili.

Niliikumbuka siku ile ya mvua yote, kwa ukamilifu wa kipuuzi. Wakati nagonga krosi ya zamani, kile kipande cha nyuma kilichomoka mikononi mwangu. Nilikirudisha. Kiliingia vizuri, meno yalikamata, na sikutazama mishale kwa sababu ilikuwa chini ya tope na grisi, na kwa sababu nilikuwa nasikia baridi. Na tulipofanya giaboksi upya, tuliifungua propela kwa boliti za miisho yake na kuiweka pembeni nzima. Hakuna aliyeigawa vipande. Kosa langu lilipumzika sakafuni siku sita, nikalirudisha tena kwa mikono yangu.

Baadaye nilipiga hesabu, sijui kwa nini, nadhani nilitaka namba iniadhibu. Tairi yenye mzingo wa kama mita 3.2, mwendo wa 70 kwa saa, difu ya nne kwa moja: propela inazunguka kama mara 24 kila sekunde. Mara mbili kila mzunguko. Beringi ya nyuma ya giaboksi ilikuwa inapigwa karibu mara 50 kila sekunde, kutoka Makambako hadi Dar na kutoka Dar hadi mpakani. Beringi ikilegea, shafti inacheza. Shafti ikicheza, sili haiwezi kushika. Sili ikiachia, oili inaondoka.

Ningependa kusema kwamba hilo linathibitisha kila kitu. Fundi mwaminifu atakuambia beringi ile ilikuwa na umri wake pia, na kwamba huenda ingekufa mwaka ule kwa vyovyote. Sitajua. Ninachojua ni kwamba neno "dereva" halikuwa na sababu ya kuwa kwenye ule ukurasa.

Babu alitoka chini ya gari, akajifuta, akasema, "Funga vizuri." Basi. Alikwenda kunywa chai.

Niliilinganisha mishale, nikafunga, tukalijaribu kwenye barabara ya Igawa. Sabini, sabini na tano. Kijana alisema gari limekuwa kama limelala.

Mwenye gereji alinipa maelekezo mafupi. Ukurasa wa leo uandike krosi zimekaguliwa. Ule wa mwezi wa sita umeshakwenda, usiuguse. Alinikumbusha giaboksi lile limegharimu zaidi ya milioni nne, na tukiandika kwamba chanzo ni sisi, bosi wa Dar atazitaka kwetu, na "kwetu" maana yake ni mishahara ya watu saba, akiwemo Babu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema kweli kuhusu mishahara.

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nilitafuta namba ya dereva kwenye kopi ya bluu.

Alipokea. Nyuma yake nilisikia magari mengi yakiunguruma bila kutembea, nikajua yuko kwenye foleni ya Tunduma. Alikuwa anamsaidia mtu kuendesha, kibarua cha safari moja moja. Nilimweleza yote, mishale, meno mawili, chai ya mwezi wa tano. Nilieleza kitaalamu mno, nilijisikia nikieleza kitaalamu mno, nikashindwa kuacha. Aliponyamaza nilidhani simu imekatika.

"Kwa hiyo si tairi," alisema.

"Si tairi, mzee."

"Mimi nilinunua balansi Dar kwa pesa yangu."

Sikuwa na jibu.

"Waandikie," akasema. "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua sijafanya. Waandikie wao." Akakata.

Niliandika ukurasa mpya, kopi tatu, nikairejea tarehe ya mwezi wa sita na kuufuta mstari wake wa tatu. Chanzo: propela kufungwa vibaya na fundi. Nikasaini jina lile lile. Nikaipiga picha nyeupe na kuituma Dar mwenyewe kabla sijamwonyesha mwenye gereji, kwa sababu nilijijua.

Yaliyofuata hayakuwa ya kishujaa. Mwenye gari alitukana, kisha akaondoa magari yake yote matatu kwetu, na milioni nne hakuzifuatilia, nadhani kwa sababu kuja Makambako kugombana kungemgharimu zaidi. Laki nane za mzee alisema ni mambo ya huko nyuma. Kazi hakumrudishia. Mimi niliambiwa nitafute pengine mwisho wa mwezi. Mafundi wawili hawakuniaga. Babu alinipa lile beseni jeupe; alikuwa ameshalifunga kwenye gazeti.

Niko Mbeya sasa, gereji nyingine, karibu na Uyole. Laki nane nilizilipa kwa simu, laki laki, kwa muda wa mwaka na zaidi kidogo. Mwezi wa kwanza mzee alinirudishia. Nikatuma tena, akazirudisha. Mara ya tatu zilikaa. Hatukuzungumza tena, ila kila nikituma, baada ya siku moja au mbili ulikuja ujumbe wa neno moja: "Imefika." Ya mwisho ilikuja na mawili. "Imefika. Imeisha."

Hapa nako tunaandika ripoti, kwenye tableti, na kuna kisanduku cha Chanzo chenye majibu matano ya kuchagua. La pili ni "Dereva". Programu haikuruhusu kuendelea bila kuchagua, nikaomba waongeze la sita, "Bado haijulikani", na vijana wananitania kwamba ndilo ninalolibonyeza kila siku. Jana aliingia mtu na lori linalopiga kelele akiachia mafuta. Nilimtafutia tairi akae.